Kutoka zahanati hadi kwa bingwa bila kupoteza miezi: mwongozo kamili kwa mgonjwa na anayemuuguza

Watu wakilalamikia hospitali za umma, kitu cha kwanza kutajwa ni foleni. Benchi limejaa, daktari ni mmoja, jua limefika utosini na namba yako bado haijaitwa. Foleni hiyo ipo, sikatai. Lakini kaa na mgonjwa aliyefika kwa bingwa ugonjwa ukiwa umeshakomaa, umwombe akusimulie tangu dalili ya kwanza. Atakuambia miezi miwili ilikwenda kwenye vidonge vya duka la dawa. Mwezi mwingine uliishia kwenye barua ya rufaa isiyokuwa na majibu ya kipimo. Wiki tatu zilipotea kwa sababu jina la kwenye kadi ya bima na la kwenye kitambulisho cha taifa hayakufanana. Ukijumlisha yote, zile saa tano za benchini ni kipande kidogo sana.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waligawa ucheleweshaji unaowaua wajawazito katika mafungu matatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Mgawanyo huo ulitungwa kwa ajili ya uzazi, ila unashika karibu kila ugonjwa. Fungu la tatu liko mikononi mwa hospitali zaidi kuliko mwako, na nitawageukia wenye hospitali mwishoni. Mawili ya kwanza, pamoja na sehemu kubwa ya makaratasi, unaweza kuyashughulikia kabla hujapanda basi.

Ninachoeleza hapa ni mfumo wa Tanzania Bara. Zanzibar ina wizara yake ya afya na hospitali yake kubwa ya Mnazi Mmoja, lakini mambo ya barua, vipimo na tarehe yanafanana.

Hatua ya 1: Amua kama hili ni jambo la kusubiri tarehe

Kosa linalogharimu kuliko yote ni kumpeleka mgonjwa wa dharura kwenye foleni ya kliniki, au kumweka nyumbani akingoja siku ya miadi huku hali inabadilika. Tarehe iliyoandikwa kwenye kadi iliandikwa kwa hali uliyokuwa nayo siku ile. Hali ikibadilika, tarehe hiyo haikufungi.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, dalili za hatari zinazofundishwa kwa wahudumu wote ni nne: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, au amelegea na hazinduki. Moja tu inatosha, unaondoka saa hiyo hiyo. Kwa mjamzito: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, kuona ukungu au maluweluwe, uso na mikono kuvimba ghafla, chupa kupasuka kabla ya uchungu, mtoto kuacha kucheza tumboni, na bila shaka kifafa. Kwa mtu mzima: kifua kubana kwa maumivu, kukosa pumzi, kutapika damu, kupoteza fahamu, na kiharusi.

Kiharusi kinahitaji maneno ya ziada, maana huku kwetu ndicho kinachopotezewa saa nyingi kuliko vyote. Uso umepinda upande mmoja, mkono hauinuki, maneno yanakatika. Halafu jamaa wanakaa kikao cha ukoo kujadili ni nani kamrushia nini. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo ina dirisha la saa nne na nusu tangu dalili zianze, na haiwezi kutolewa kabla ya kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, kuonyesha kwamba hakuna mshipa uliopasuka. Hata pale ambapo dawa hiyo haipo, kujua mapema ni aina gani ya kiharusi kunabadilisha matibabu yote yanayofuata. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa sasa zina mashine ya CT. Kwa hiyo andika saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho, mpeleke huko, na anayetaka kusoma dua aisome njiani. Anayetaka kwenda kwa mtaalamu wa mitishamba, angoje majibu ya CT kwanza.

Mgonjwa wa namna hii hahitaji barua ya rufaa wala kupanga mstari mapokezi. Hospitali kubwa zina kitengo cha dharura chenye mlango wake. Muhimbili walifungua cha kwao mwaka 2010, na mikoa ikafuata. Ukifika, mwambie muuguzi wa kwanza unayemwona dalili yenyewe kwa ufupi: "Amepata degedege mara mbili tangu asubuhi." Usianze na historia ya ugonjwa wa mwaka jana. Muuguzi anapanga wagonjwa kwa rangi, nyekundu, njano na kijani, kwa hiyo usishangae aliyefika nyuma yako akitangulia, wala usione haya wewe ukitangulizwa. Utaratibu ni kwamba mgonjwa wa dharura huhudumiwa kwanza, mambo ya malipo yanafuata.

Kama mgonjwa ni mjamzito, aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga, na usafiri ndio tatizo, piga 115. Ni bure. Huo ni mfumo wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa kabla ya kuenezwa nchi nzima. Anayepokea simu anakuuliza dalili, anaangalia kituo kinachofaa, kisha anatuma gari la wagonjwa. Gari lisipopatikana karibu, anamtuma dereva wa kijijini aliyesajiliwa, ambaye mfumo wenyewe ndio unaomlipa. Mfumo huo huo hutumika kumhamisha mama kutoka zahanati kwenda hospitali. Iandike 115 ukutani mimba ikiwa bado changa, na mume aijue, na mama mkwe aijue pia.

Hatua ya 2: Ingia kwa mlango unaokupeleka unakotaka

Ngazi zetu ni zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali za kanda kama Bugando ya Mwanza, KCMC ya Moshi na ile ya Mbeya, halafu hospitali za taifa na taasisi maalumu: Muhimbili, MOI kwa mifupa na ubongo, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete (JKCI), Ocean Road kwa saratani, Mirembe kwa afya ya akili, Kibong'oto kwa kifua kikuu.

Wengi wenye uwezo kidogo wa nauli huruka ngazi zote na kushukia Dar es Salaam wakiamini ndiko kwenye madaktari. Mara nyingi hupoteza muda. Bila rufaa, bima yako inaweza kukataa kulipia. Utaanza upya kwa daktari wa kawaida wa wagonjwa wa nje, ambaye ataagiza vipimo vile vile ambavyo mkoani kwako vingefanyika kwa siku moja, na wakati huo unalipia kitanda Kariakoo au umejibana kwa shemeji Mbagala.

Ushauri wangu: kwa tatizo lisilo la dharura, lenga hospitali ya rufaa ya mkoa kwanza. Huko utamkuta bingwa wa magonjwa ya ndani, wa watoto, wa wanawake na uzazi, na wa upasuaji, na sehemu kubwa ya magonjwa ya kawaida humalizikia mikononi mwa hao. Ukihitaji zaidi, barua yao ina uzito kuliko ya zahanati, kwa sababu imekuja na vipimo na maoni ya bingwa.

Halafu kuna njia ambayo watu huijua ikishapita. Tangu 2024 madaktari bingwa wamekuwa wakipelekwa kwa kambi za siku chache katika hospitali za halmashauri, na JKCI nayo ina tiba mkoba inayozunguka mikoani kupima moyo. Matangazo hutoka redioni, kwenye kurasa za mkoa mitandaoni na kwenye mbao za matangazo za halmashauri. Mwulize mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii mtaani kwenu, au mpigie muuguzi wa hospitali ya wilaya mara moja kwa mwezi umwulize kama kuna kambi inakuja. Mgonjwa aliyekuwa asafiri kilomita mia sita anaweza kuonwa na bingwa akiwa wilayani kwake. Akifika kambini na vipimo vyake mkononi, atafaidi zaidi ya yule anayekwenda kusema "nasikia mapigo yanakwenda mbio."

Hatua ya 3: Barua ya rufaa, na kwa nini uisome kabla hujaondoka

Hapa ndipo pa kutulia. Barua ya rufaa watu huipokea, huikunja na kuitia mfukoni kama risiti ya mafuta. Isome ukiwa bado mbele ya aliyeiandika.

Majina yako matatu yawe kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA na kwenye bima, herufi kwa herufi. Mwajuma na Mwanajuma ni watu wawili kwenye kompyuta. Pawepo umri, namba ya simu inayopatikana, na jina la hospitali pamoja na kliniki unayopelekwa. "Apelekwe Muhimbili" haitoshi. Iwe kliniki ya figo, ya masikio, ya mishipa ya fahamu. Pawepo sababu ya rufaa, yaani swali ambalo bingwa anatakiwa kulijibu. Pawepo matibabu uliyopewa, kwa dozi na siku, na matokeo yake. Pawepo majibu ya vipimo, ama yameandikwa ndani au yameambatanishwa. Mwisho muhuri, sahihi na namba ya simu ya mwandishi. Simu hiyo ina kazi: bingwa akikwama atampigia mwenzake badala ya kukurudisha wewe.

Kisha mwulize daktari maswali mawili. La kwanza: kliniki hiyo hufanyika siku gani? Kliniki za kibingwa zina siku zake, na kufika Jumanne kwenye kliniki ya Jumatatu ni kulala wiki nzima mjini. Kama hajui, apige simu kwa mwenzake. Wana makundi yao ya WhatsApp, wanajuana. La pili: kuna kipimo gani ambacho wataniambia nirudi nikikifanye? Daktari mwenye uzoefu atakuambia papo hapo, na kama kinaweza kufanyika hapo ulipo, kifanye.

Chukua mfano wa saratani, ambako swali hilo la pili linaokoa miezi. Mwanamke ana uvimbe kwenye titi. Anapewa rufaa ya Ocean Road, anauza mbuzi, anasafiri. Akifika anaulizwa majibu ya patholojia, yaani kipande kidogo cha nyama kikatwe kwenye uvimbe, kipimwe kwa hadubini, waseme ni saratani ya aina gani. Bila hayo, mionzi na dawa za saratani kwa kawaida haziwezi kuanzishwa, maana hakuna anayejua anatibu nini. Kipande hicho kingeweza kukatwa hospitali ya mkoa na kutumwa maabara ya patholojia ya kanda wakati yeye yuko nyumbani analima. Kwa hiyo ukikatwa kinyama mahali popote, chukua namba ya sampuli, jina la maabara na namba ya simu ya kufuatilia. Majibu yakitoka, omba nakala. Na kama unahamia hospitali nyingine, uliza kama unaweza kupewa ile bloku ya nta iliyohifadhi kipande chako pamoja na vioo vyake, kwa sababu wataalamu wa huko wanaweza kutaka kuiangalia upya bila kukukata mara ya pili.

Picha za X-ray na CT nazo zibebe zenyewe, siyo karatasi ya maelezo peke yake. Zikiwa kwenye diski, hakikisha inafunguka. Piga picha ya kila karatasi kwa simu na uitume kwa ndugu mmoja wa kuaminika. Karatasi hulowa, mabegi hupotea stendi.

Hatua ya 4: Maliza habari ya pesa kabla ya siku

Kama una NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, hakikisha kadi iko hai wiki moja kabla. Mwajiri akichelewesha michango, utagundua dirishani ukiwa umefunga kula tangu jana. Uliza pia kama kipimo au dawa uliyoandikiwa inahitaji kibali cha Mfuko. Baadhi ya huduma za gharama kubwa zinahitaji, na kibali hicho kinaombwa mapema na hospitali yenyewe. CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ina kikomo chake: inafika hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, na kwa kufuata rufaa. Wengi hulijua hilo wakiwa Bugando. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, kwa hiyo utaratibu unaendelea kubadilika; waulize watu wa bima wenyewe kuhusu kitita chako, usitegemee jirani aliyetibiwa mwaka juzi.

Asiye na bima anahitaji makadirio. Uliza bei ya kumwona daktari bingwa, ya kipimo na ya kitanda kabla ya kusafiri. Malipo katika vituo vya serikali hupitia namba ya malipo, ile wengi tunaita kontrolo namba, na unaweza kulipa kwa simu. Usimpe mtu fedha mkononi, hata awe amevaa koti jeupe.

Asiye na uwezo kabisa aanzie kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Sera ya afya ya 2007 inataja makundi ya msamaha: watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wenye baadhi ya magonjwa sugu na ya kuambukiza kama kifua kikuu na ukoma. Nenda na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Nenda asubuhi, na uende kabla ya bili kukua. Afisa huyu anaweza kufanya mengi kwa mtu anayekuja siku ya kwanza. Kwa aliyekuja siku ya kuruhusiwa, deni likiwa limeshafika milioni, kazi inakuwa nzito kwa wote wawili.

Hatua ya 5: Kuomba tarehe, na kuibishia kwa adabu

Karani wa kliniki anapanga tarehe kwa nafasi zilizopo. Hana ruhusa ya kuamua nani ni mgonjwa zaidi, na ukimgombeza hatakuwa nayo. Anayeweza kusogeza tarehe ni daktari. Kwa hiyo kama umepewa tarehe ya mbali na hali yako inabadilika, rudi kwa daktari aliyekuandikia rufaa au kwa muuguzi kiongozi wa kliniki na useme kilichobadilika:

"Daktari, shikamoo. Nilipangiwa wiki nane mbele. Tangu siku ile chakula kigumu hakipiti tena, na nimepungua kilo sita. Je, tarehe hii bado inanifaa?"

Sentensi hiyo ina nguvu kuliko "nateseka sana," kwa sababu kushindwa kumeza na kupungua uzito ni vitu vinavyopimika, na daktari hawezi kuvisikia akaviacha. "Nateseka" wanaambiwa na kila mtu tangu asubuhi.

Wakati wa kuandikisha toa namba mbili za simu: yako na ya mtu anayepokea hata namba asiyoijua. Mwambie karani kwamba ikitokea mtu ameahirisha, wewe unaweza kuja kwa taarifa ya siku moja. Nafasi za aina hiyo hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, hasa msimu wa mvua na siku za karibu na sikukuu. Na wewe ukijua hutakwenda, piga simu. Nafasi unayoiacha kimya haipewi mtu mwingine, inaoza tu.

Hospitali kadhaa kubwa zina kliniki za kulipia za haraka au za jioni, ambako madaktari wale wale huona wagonjwa kwa ada ya juu. Sina ugomvi nazo. Kama unaweza kulipia kuonwa mara ya kwanza ili ugonjwa ujulikane, kisha uendelee na kliniki ya kawaida, ni matumizi mazuri ya fedha. Lakini uliza kwanza kama mabadiliko hayo yanaruhusiwa, na lipia dirishani. Yule kijana wa getini anayesema "nitakupitisha kwa daktari" ni kishoka, na akishakula pesa yako hutamwona tena.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Fika mapema, lakini uliza mapema kwa ajili ya nini. Katika kliniki nyingi kinachobana ni maabara kuliko daktari. Kama una kipimo cha kufanya siku hiyo, anzia maabara saa 1 asubuhi ili majibu yatangulie, kwa sababu anayepelekwa maabara saa 6 mchana atarudi na kukuta daktari ameingia chumba cha upasuaji. Uliza kama kipimo kinataka ufunge kula. Mwenye kisukari asifunge kabla ya kumwuliza daktari dawa zake azitumieje asubuhi hiyo.

Beba dawa zote unazotumia, kwenye mfuko wake, pamoja na za asili. "Kile kidonge cheupe kidogo" hakimsaidii mtu. Nenda na msindikizaji mmoja anayejua kusikiliza. Watatu wanaziba korido. Andika maswali yako, yasizidi matatu, na la kwanza liwe lile linalokunyima usingizi, kwa sababu daktari mwenye wagonjwa hamsini atakupa dakika chache na huenda la pili lisifikiwe.

Ukiambiwa vipimo vitano, uliza vipi vinaweza kufanyika leo vyote kwa mpigo. Mtu aliyetoka Songea hapaswi kupewa kipimo kimoja kila wiki, na muuguzi akijua umetoka mbali mara nyingi atakusaidia kuvipanga. Sema umetoka wapi. Hawawezi kujua kwa kukutazama.

Hatua ya 7: Usitoke getini bila vitu hivi

Tarehe ijayo iliyoandikwa. Jina la ugonjwa limeandikwa, hata kama hulielewi. Namna ya kupata dawa mpaka tarehe hiyo. Dalili ambazo zikitokea urudi bila kungoja. Na barua ya kurudi kwa daktari aliyekuleta.

Barua hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika, na ndiyo ingepunguza safari zako. Mwulize bingwa: "Je, shinikizo hili la damu linaweza kufuatiliwa wilayani kwetu, nije kwako mara moja kwa mwaka?" Kwa magonjwa mengi yaliyotulia jibu ni ndiyo, mradi maelekezo yameandikwa.

Mambo yakikwama

Anza na muuguzi kiongozi wa kliniki, halafu dawati la huduma kwa wateja, halafu mganga mfawidhi. Hapo ndipo masuala mengi humalizika, kama utakwenda na tarehe, saa na kilichotokea badala ya hasira. Kwa zahanati na kituo cha afya kuna kamati ya usimamizi yenye wananchi ndani yake. Mwenyekiti wake huenda ni jirani yako. Juu yao yupo Mganga Mkuu wa Wilaya, kisha wa Mkoa. Wizara ya Afya ina namba ya bure, 199. Ukiombwa rushwa ili upate tarehe au kitanda, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea 113, bure pia.

Sasa kwenu mlio upande wa pili wa dirisha

Mganga mfawidhi au muuguzi kiongozi akisoma hadi hapa, atasema mgonjwa mwenye makaratasi kamili bado atakuta foleni ya wiki sita. Kweli. Ila angalia foleni hiyo kwa hesabu.

Tuseme kliniki yako inaona wagonjwa 40 kwa wiki, wanaoandikishwa ni 40 kwa wiki, na tarehe iliyo karibu ni wiki sita mbele. Mlundikano ni watu 240. Kama mwaka jana pia ilikuwa wiki sita, maana yake uwezo wako unatosha mahitaji. Unachobeba ni deni la zamani. Ukiongeza nafasi kumi kwa wiki, deni linakwisha kwa wiki 24, na baadaye unaweza kurudi 40 na kumwona mtu ndani ya siku chache. Foleni ikiwa inarefuka kila mwezi, hapo una upungufu wa kweli, na unahitaji daktari au kupunguza wanaokuja. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na bila kuandika namba kwa wiki nane huwezi kujua lipi ni lako.

Namna nzuri ya kupima inatoka kwa Mark Murray na Catherine Tantau, waliovunja foleni za kliniki za Marekani miaka ya 1990: kila Jumatatu tafuta nafasi ya tatu iliyo wazi kwenye kitabu cha miadi, uhesabu ni siku ngapi mbele. Kwa nini ya tatu? Ya kwanza na ya pili huenda zimeachwa na walioahirisha, zitakudanganya. Andika namba hiyo ukutani wafanyakazi waione.

Halafu acheni kuwaita wote saa 1 asubuhi. Wagonjwa sitini wa kisukari wakifika pamoja, wa mwisho atakaa hadi saa 9 alasiri hata daktari akifanya kazi bila kunyanyuka. Waandikieni vipindi: kumi na watano saa 2, kumi na watano saa 4, na kuendelea. Wiki za kwanza watakuja wote alfajiri kwa mazoea. Mkiwaita kwa kipindi bila kuvunja, wataacha. Aliyetoka vijiji vya mbali mpeni kipindi cha saa 6, basi lake haliwezi kufika kabla.

Na tazameni jirani zenu wa CTC, kliniki za matunzo na tiba kwa wenye VVU. Mtu anayetumia dawa za VVU ambaye hali yake imetulia alikuwa anakuja kila mwezi. Sasa anapewa dawa za miezi mitatu, au hata sita. Mgonjwa wa shinikizo la damu aliyetulia mwaka mzima bado anaitwa kila mwezi katika kliniki nyingi, anapimwa, anaandikiwa vidonge vile vile, anakwenda zake. Dawa zikiwepo stoo, kumhamishia kwenye miezi mitatu kunaondoa safari zake nane kati ya kumi na mbili kwa mwaka, na kila moja ni nafasi iliyo wazi kwenye kitabu chenu.

CTC wamewatangulia pia kwa daftari la watoro. Asipofika mtu, kesho yake anapigiwa simu, na asipopatikana mhudumu wa jamii anabisha hodi. Muuguzi mmoja, saa moja ya mchana, simu yenye salio la ofisi. Anzeni na orodha ya wiki iliyopita, na kwanza wapigieni waliokuwa wanasubiri majibu ya patholojia.